Muziki Usio na Maiti

Mapera, jua linazama

Mwanangu Osmundi,

Barua ya heshima huanza kwa kuulizana hali. Yako naijua: una mafua, umefurahi, na umekwenda kuaga kwa baba yako mkubwa ukiwa umevaa lile shati nililokuambia uliweke la safari. Yangu nitakuambia bila kuzunguka. Sina raha, na sitegemei kuipata kesho.

Nimeona niandike kwa sababu nikisema kwa mdomo nitaanza kukugombeza. Unanijua. Nitasema kuhusu soksi, na maji ya kuchemsha, na huyo Beno unayefuatana naye ambaye hata kuku hajawahi kumfikisha sokoni akiwa hai, na mwishowe gari la kushuka Mbamba Bay litapiga honi sijasema hata neno moja nililokusudia. Kwa hiyo ya soksi nimeyaacha. Barua nitaiweka juu ya begi lako, na kibatari nimekijaza mafuta. Uisome kabla hujalala.

Niseme la kwanza kabisa ili lisitusumbue katikati. Sidhani kama utarudi. Tangu vijana wa hapa wajue njia ya kuvuka ziwa kwenda Malawi na kuendelea mpaka Sauzi, nimewaona wakishuka wawili wawili, watatu watatu, na aliyerudi ni mmoja, naye alirudishwa na ugonjwa. Siandiki ili nikuzuie. Nikuzuie ubaki na nini? Kahawa imeliwa na ugonjwa wa chulebuni. Chama cha msingi kilichokuwa kikitukopesha dawa na mbolea kimebaki mlango na kufuli. Wanunuzi binafsi walioingia kwa mbwembwe mwaka ule wa neema sasa wanakuja na mizani yao na bei yao, na ukiuliza swali wanawasha gari. Ningekuwa na umri wako ningekwenda, na mama yangu angelia, na ningekwenda vilevile.

Ninachotaka kukuambia ni habari ya kaseti. Hapo najua umeguna.

Ziko tatu. Nimezifunga kwenye kitenge changu cha zamani na kuziweka chini kabisa ya begi lako, katikati ya suruali. Usizitoe. Redio ya kuzipigia haipo tena hapa. Wewe mwenyewe uliibeba begani kumpelekea aliyeinunua, na nauli yako ndiyo hiyo. Sikulaumu, mimi ndiye niliyesema tuiuze. Lakini juzi nilizishika zile kaseti nikaona nimebaki na vitu visivyo na mdomo. Bora uende nazo. Huko utapata redio, au utapata shida, au vyote viwili, na itakuwa si vibaya ukiwa nazo.

Najua huupendi muziki huo. Tangu ulipokuwa mdogo nikibonyeza tu kitufe ulikuwa unatoka nje, mvua inyeshe isinyeshe. Nitafika hapo. Kwanza ujue ulinifikiaje mimi, kwa sababu sikuzaliwa nao.

Nilipopanda kutoka Ngumbo kuja kufanya kazi ya kufua na kupiga pasi misheni, nilikuwa msichana wa ziwani asiyejua baridi. Chumba cha pasi kilipakana na chumba cha Bruda Wendelini, yule Mjerumani fundi wa magari ambaye wewe unamkumbuka kwa pikipiki yake tu. Jumamosi mchana, akishafunga karakana na kunawa oili mikononi, aliweka santuri kwenye gramafoni na kufungua dirisha. Mimi nanyoosha kanzu za mapadre kwa pasi ya mkaa, ukuta mmoja kati yetu, sauti inakuja utake usitake. Mwanzoni nilidhani ni fujo. Nilidhani wapigaji wamekosana na kila mmoja anavutia kwake. Siku moja nikamwuliza kwa dirishani, "Bruda, hawa watu wanagombana?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Ndiyo, wako wanne. Wewe usisikilize wanne. Shika mmoja, fuata yeye mpaka nyumbani kwake. Jumamosi nyingine fuata mwingine."

Osmundi, somo lote ni hilo. Miaka yote niliyosikiliza baadaye sijaongeza kitu cha maana juu yake. Mtu mgeni anachoka kwa sababu anataka kubeba vyote kwa mara moja, kama anayehamia nyumba kwa safari moja. Shika mmoja.

Bruda alipozeeka akaitwa kurudi kwao, alinirekodia kaseti hizi kutoka kwenye santuri zake. Majina aliyaandika kwa Kijerumani kwenye vikaratasi, mende wakavila, kwa hiyo usiniulize nani alitunga nini. Sijui, na wala sikuwahi kuweza kuyatamka. Santuri zenyewe watoto wa shule walizirusha uwanjani mpaka zikaisha. Kinanda cha miguu cha kanisani kuku wa katekista anatagia ndani yake, tangu kwaya inunue kile cha umeme chenye ngoma za kubonyeza. Kwa hiyo hapa Mapera mwenye huo muziki nilibaki mimi, na hilo lilinitia kichwa.

Naam, nilijivuna, na majivuno yalianza zamani, Bruda akiwa bado yupo. Nilijiona mtu wa misheni, mwenye masikio ya Ulaya. Bibi yako alipopanda kutoka Ngumbo kuja kunitunza nilipokuzaa, alikaa jikoni amekupakata na kukuimbia wimbo wa kioda, ngoma ya akina mama wa kule kwetu. Nikamwambia anyamaze, mtoto anataka kulala, na hizo kelele za ziwani aziache ziwani. Mtoto hakuwa na usingizi hata kidogo. Ulikuwa umemkodolea macho mdomoni. Alinyamaza, akakurudisha mikononi mwangu, na hakuimba tena nyumbani mwangu mpaka anashuka. Amekwisha kufa, na mimi nimejaribu mara nyingi kuukumbuka wimbo ule ulivyokwenda, nimeshindwa. Kwa hiyo ukimpigia mtu kaseti hizi akakuambia hazimwingii, usimtazame nilivyomtazama mama yangu. Mpe chai, mzungumze mengine.

Sasa namna ya kuanza. Nimezitia alama pembeni kwa kisu, uzijue kwa kidole hata pasipo na taa.

Yenye alama moja ni ya kinanda peke yake. Mtu mmoja na mikono yake miwili. Anza na hiyo, na uianze ukiwa na kazi mkononi: unafua, unamenya viazi, unashona kifungo. Usikae umekunja mikono kama uko ibada ya Ijumaa Kuu, utasinzia mara moja na utasema mama yako alikuwa anatia chumvi. Hiyo mimi nilikuwa nikiita ya pasi, maana mwendo wake ni wa mkono unaokwenda na kurudi juu ya nguo. Haina huzuni wala furaha, inakwenda tu. Inafaa siku mbaya. Siku nzuri utaona inachosha, na hapo izime ukatembee.

Yenye alama mbili ni wale wanne wa Bruda. Ni fidla, mbili ndogo, moja ya kati, na moja nene yenye sauti ya mwanamume aliyeamka sasa hivi. Usikilize kama unavyosikiliza kikao cha mahari ukiwa chumba cha pili. Mmoja anasema neno, mwenzake analirudia kwa namna ya kulipinga, wa tatu anawasuluhisha, na yule mnene anakubali tu, mm, mm, kumbe yeye ndiye mwenye uamuzi. Mfuate yeye kwanza. Mara kwa mara watanyamaza wote. Usizime. Wageni wote hudhani imekwisha, hata baba yako alishasimama na kuvaa viatu, lakini wale wanapumzika tu na wataendelea. Na ukitaka kurudisha nyuma, tumia kalamu, ingiza katika tundu uzungushe kwa mkono. Betri ni za kusikilizia, si za kurudishia kaseti, hata huko Sauzi.

Yenye alama tatu usiiguse mpaka hizo mbili zimekuzoea. Upande wa kwanza ni kundi kubwa, mabomba ya kupuliza na ngoma na fidla zisizo na idadi, wanapandisha na kushusha kama wanataka kubomoa nyumba. Hapo nilikosea kwa baba yako. Alikuwa mpiga ngoma kubwa ya mganda, ule mchezo wa wanaume wa kwenda kwa gwaride, na kofia yake nyeupe ilijulikana mpaka Namswea. Nikasema mtu wa ngoma mpe penye ngoma. Aliketi akasikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote, kisha akaniuliza, "Na hawa wote wanalipwa?" Hakurudi tena karibu na redio mpaka baada ya kuvuna. Mtu usimwanzishe kwa kile unachodhani anafanana nacho.

Upande wa pili wa kaseti hiyo unaujua. Ni ile ya polepole.

Wewe umekua na redio ya taifa kama sisi sote. Vipindi vikikatishwa, taarabu ikanyamaza, zikaanza fidla za namna ile, basi mtu mkubwa amefariki, na watu wanaacha majembe wakasikilize ni nani. Nchi nzima imefundishwa hivyo. Hakuna mtu hapa Mapera aliyewahi kusikia fidla zikipigwa polepole isipokuwa kuna maiti mahali fulani. Mimi peke yangu, kwa ajili ya dirisha la Bruda, nilizisikia watu wakiwa wazima.

Ule mwaka wa neema, wanunuzi walipokuwa wanagombea kahawa yetu barabarani, kila nyumba ilinunua kitu. Wengine bati, wengine baiskeli, wengine walikunywa tu. Sisi tulinunua redio kaseti. Siku ya kwanza kabisa, kwa furaha zangu, niliiweka dirishani, nikaongeza sauti, nikapiga ile ya polepole. Baba yako alikuwa nyuma anageuza kahawa kwenye kichanja. Haikuchukua muda nikasikia kilio njiani. Natoka, naona Mama Tekla, jirani yetu, na wenzake wamejifunga khanga kiunoni, kuni kichwani, unga kwenye beseni, wanalia kwa sauti. "Ni nani, dada? Ni nani? Tumesikia!"

Nikawaambia hakuna. Hawakuamini. Walimtafuta baba yako kwa macho, wakalia zaidi, mpaka akatokea mwenyewe na reki mkononi. Akawaamkia vizuri, akasema, "Marehemu ni mimi, karibuni chai." Mama Tekla alimpiga kwa khanga.

Unakumbuka tulivyokula. Kwetu hapa kuni na unga vilivyoletwa msibani havirudi nyumbani kwa aliyeleta, ni mkosi, basi tukavipika vyote, tukala msiba usio na maiti mpaka giza likaingia. Wote walicheka isipokuwa baba yako mkubwa. Yeye alikuja kesho yake, hakukaa, akasema akiwa amesimama mlangoni: "Shemeji, muziki huo ukipigwa pasipo na maiti, unamtafuta." Ulikuwa umesimama nyuma yangu umeshika gauni langu. Nilisikia vidole vyako vikikaza.

Nilipaswa kugeuka pale pale nikakuambia ni upuuzi. Sikugeuka. Nilikuwa nafikiria namna ya kumjibu shemeji.

Kitu cha ajabu ni kwamba baba yako aliipenda ile. Ya kundi kubwa ilimshinda, ya wanne aliivumilia, ila ile ya polepole alikuwa anaiomba jioni tukishafunga madirisha, sauti chini kabisa. Nilimwuliza anasikia nini. Akasema nisisikilize wa juu, nisikilize chini, kwa wale wanene. "Hawa hawalii," akasema. "Hawa wanatembea. Sikiliza mguu." Akanipigia kwa kiganja juu ya meza, polepole, mguu, mguu. Na kweli wanatembea. Nimeusikiliza muziki huo tangu nikiwa binti, na aliyenifungua sikio kwa hiyo ni mpiga mganda. Siku ukiisikiliza, kama utaisikiliza, anzia chini. Huko juu kuna wanaolia, waache walie, ni kazi yao. Wewe fuata mguu.

Halafu kifua kikamkamata. Hayo yote unayajua, na sitaki kukurudishia yote, lakini kuna sehemu nadhani umeibeba vibaya na sipendi uvuke nayo ziwa.

Alipokuwa amelala pale sebuleni, penye jua la asubuhi, aliniambia, "Mama Osmundi, niwekee ile ya kutembea." Nilikwenda kuchukua redio. Ukanifuata chumbani ukanishika miguu. Ulisema, "Mama, usipige. Ukipiga atakufa." Ulikuwa mtoto wa darasa la tatu, na ulikuwa unasema maneno ya baba yako mkubwa kwa mdomo wako mdogo. Na mimi, mtu mzima, mwenye masikio ya Ulaya, nikaogopa. Sikuogopa kwamba kaseti itaua mtu. Niliogopa kilio cha Mama Tekla njiani. Niliogopa shemeji zangu wangesema mwanamke wa ziwani amemwitia kifo mume wake. Nikarudi sebuleni nikamwambia betri zimekufa.

Akasema, "Zianike basi." Unajua tulivyokuwa tunazianika juani zipate nguvu kidogo. Nikazianika juu ya bati, mbele ya macho yake, betri nzima ambazo hazikuwa na ugonjwa wowote. Kila asubuhi aliuliza, "Zimepata jua?" Nikamjibu, "Bado, kuna mawingu." Ilikuwa kiangazi, Osmundi. Jua lilikuwa linampiga usoni akiniuliza. Hakubisha hata mara moja. Alikuwa ananitazama, kisha anafumba macho, na kiganja chake kilikuwa kinapiga godoro polepole. Alikuwa ananihurumia, nadhani. Hilo ndilo siwezi kulimeza mpaka leo.

Alikufa bila kuisikia.

Na siku ya mazishi, watu wamejaa uani, baba yako mkubwa alikuja jikoni akaniambia kwa upole kabisa, "Shemeji, sasa unaweza kupiga." Kwa sababu sasa maiti ilikuwepo. Nilichukua betri, nikazitia, redio ikalia vizuri sana. Watu walilia mpaka wakaridhika. Mtu mmoja aliomba irudiwe, nami nikachukua kalamu nikarudisha nyuma kwa mkono, kwa utulivu, kama mtu anayesokota uzi. Niliwapigia watu wote wa Mapera isipokuwa yule mmoja aliyeomba. Wewe ulikimbia. Walikukuta jioni umelala ndani ya shimo moja la ngolo, yale tunayochimba kulimia, kwenye lile shamba la mteremkoni, una udongo mpaka masikioni.

Tangu siku hiyo ukisikia fidla unatoka nje. Sikukuuliza kwa nini. Nilijua, nikaona tukinyamaza wote wawili itapona yenyewe. Haikupona. Huenda unadhani ulimnyima baba yako kitu cha mwisho alichokitaka. Huenda unadhani kinyume chake, kwamba nilipiga kwa siri na ndiyo maana akafa. Sijui ni lipi kati ya hayo, na sina ujasiri wa kukuuliza kesho mbele ya Beno. Kwa hiyo nakujibu yote mawili. Sikupiga. Alikufa kwa kifua, na angekufa kwa kifua hata nyumba ikiwa kimya, maana ilikuwa kimya. Na wewe hukumnyima chochote. Ulikuwa mtoto, uliogopa, ulisema. Mtu mzima mle ndani nilikuwa mimi. Mtoto anapolia, "Usiende porini," mzazi anamshika mkono anakwenda naye. Mimi nilikushika mkono tukabaki.

Sitegemei barua iondoe kitu kilichokaa tangu darasa la tatu. Nimeishi vya kutosha kujua kwamba maneno hayafiki huko. Nimekuandikia ili tu usije ukasema hukuambiwa.

Na kama hutazisikiliza kamwe, ziuze. Nasema kweli, sikutegi. Kaseti ni kaseti, njiani utakutana na watu wengi wanaotaka kurekodia dansi juu yake. Vile vijino vya nyuma nilivivunja ili mtu asifute kwa bahati mbaya, ila akiziba tundu kwa karatasi atarekodi bila shida. Ukikwama Malawi, uza kwanza yenye alama tatu. Najua unachofikiri, lakini iuze hiyo. Upande wa kundi kubwa hauna faida kwako, na ule wa pili baba yako alishausikiliza vya kutosha alipokuwa mzima, madirisha yamefungwa, kiganja juu ya meza. Halafu, ukibanwa zaidi, wale wanne. Ya pasi iuze mwisho, na ukiiuza usinunulie bia, nunua chakula. Sina hasira na mtu atakayepiga dansi juu yake. Nitachukia tu kama zitaozea ndani ya begi hazijalisha mtu wala kuimba.

Mimi hapa nitabaki na kwaya ya kinanda cha kubonyeza, na Mama Tekla, na kahawa nitakayoing'oa mwaka huu kupanda mahindi. Usiulize nitaendeleaje. Nitaendelea. Nikifa watanizika vizuri, akina mama wa hapa wanajua kazi hiyo, lakini hakuna njia ya kukufikishia habari huko utakakokuwa. Redio haitakatisha vipindi kwa ajili ya dobi wa misheni. Basi usikae unasubiri kuambiwa. Miaka ikishakuwa mingi, wewe mwenyewe amua kwamba nimekwenda, uniombee Baba Yetu moja, uendelee na kazi. Hutakuwa umenikosea.

Limebaki ombi moja, na nimelizunguka tangu jua lilipokuwa juu.

Kesho asubuhi gari likifika utasimama mlangoni na begi, na utatafuta neno la kunituliza. Nalijua neno lenyewe, maana vijana wote wamelisema. Mtoto wa Mama Tekla alilisema, akamwachia na koti lake msumarini kuwa ndiyo ushahidi, na mwenzangu analitoa koti lile juani kila kiangazi, analipiga vumbi, analirudisha. Nimemtazama akifanya hivyo miaka yote hii. Siwezi, baba. Usiniachie koti, na usiniambie utarudi. Useme tu, "Mama, naenda." Mimi nitakujibu, "Haya, nenda." Nimejizoeza jikoni, na mara mbili nimeweza kuitamka bila sauti kukatika.

Mama yako